Mashine Moja, Saa Mbili

Kongo ina kanda mbili za saa. Kinshasa na majimbo ya magharibi yako saa moja mbele ya Greenwich. Katanga yote ya zamani, Kasai, Kivu, Maniema na kaskazini-mashariki ziko saa mbili mbele. Kamina wanapopiga kengele ya saa mbili asubuhi, Kinshasa ni saa moja. Abiria wa ndege ya Lubumbashi analijua hilo, na mwanafunzi yeyote wa sekondari analijua. Kompyuta iliyotayarishwa Kinshasa hailijui mpaka iambiwe, na namna ya kuiambia ndiyo iliyozua ubishi unaofuata.

Sauti tatu za mjadala huu nimezibuni na kuziketisha Sanga, upande wa Kamina, katika ofisi ya shule isiyo na jina. Mafaili, programu na tarehe sikuzibuni. Fundi ni mtu mzima anayetunza mashine za shule. Binti amerudi kutoka Lubumbashi alikosomea informatiki. Prefe ndiye mkuu wa shule, na ndiye anayebeba hasara.

Hasara yenyewe ni hii. Kompyuta ya ofisi inatumia Debian, na ilifika ikiwa nyuma kwa saa moja. Binti alifungua faili dogo la maandishi, /etc/timezone, lenye mstari mmoja tu. Akafuta Africa/Kinshasa, akaandika Africa/Lubumbashi, akahifadhi, akazima na kuwasha. Saa ya kwenye kioo haikusogea. Lakini programu ya kuingizia alama za wanafunzi, iliyoandikwa kwa Java ya zamani, ikaanza kuonyesha saa ya Kamina barabara. Na ile kazi ya kunakili alama kwenye diski ya nje, iliyopangwa kwenda saa nane mchana, ikawa haiendi kabisa, maana saa nane ya mashine ilikuwa saa tisa ya Kamina, na gurupe la shule, yaani jenereta, huzimwa saa nane na nusu.

PREFE: Sitafuti wa kulaumu. Nataka mnieleze. Nilisimama hapa nikamwona huyu binti akiandika Lubumbashi. Mashine ikakubali. Sasa karatasi za alama zina saa moja na kioo kina nyingine. Mashine ilikubali nini?

FUNDI: Ilikubali kuhifadhi maandishi, Mama Prefe. Haikukubali zaidi ya hapo. Lile faili ni la watu kusoma. Saa unayoiona kwenye kioo inatoka kwenye /etc/localtime, faili lililokompailiwa, na ukilifungua utaona alama zisizosomeka. Sheria za saa za dunia nzima zimeandikwa kwa maneno ya kawaida. Bara letu lina faili lake, linaitwa africa. Programu iitwayo zic inayasoma maneno hayo na kuyageuza kuwa mafaili madogo ya namba, moja kwa kila kanda. Mashine inafuata namba. Binti alibadilisha neno, namba zikabaki za Kinshasa.

BINTI: Na Java, Papa? Mbona yenyewe ilibadilika?

FUNDI: Java ya enzi hizo ikijikuta juu ya Linux inachungulia kwanza /etc/timezone. Inachukua jina lililoandikwa pale, kisha inatafuta sheria za jina hilo katika kanzidata yake yenyewe, iliyokuja nayo. Haikuhitaji localtime. Kwa hiyo ilikusikia wewe, na kioo hakikukusikia.

BINTI: Basi nilisema mara moja, wasikilizaji wawili wakasikia mambo mawili. Hapo kosa ni la aliyeweka vyanzo viwili vya jambo moja bila kutuambia kipi ni kikubwa.

Binti ana haki kuliko anavyodhani. Zamani kwenye Debian na Ubuntu, aliyeandika jina jipya katika /etc/timezone, kisha akaendesha amri ya kusanidi upya tzdata, kifurushi cha kanda za saa, alipata alichokitaka: maandishi yaliamuru, localtime ikafuata. Karibu na 2016 utaratibu uligeuka. Kifurushi kikaanza kutazama /etc/localtime kwanza, na kikikuta ni kiungo kinachoelekeza kwenye kanda fulani, kinaandika upya /etc/timezone ili lilingane na kiungo. Aliyekuwa na skripti ya zamani aliandika mji wake, akaendesha amri ile ile ya miaka yote, na maandishi yake yakafutwa na kitu ambacho yeye alikihesabu kuwa nakala tu. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao, na kiungo si chombo kibaya cha kuwekea uamuzi. Ila nani anaamuru na nani anafuata si jambo la kubadilishwa kimyakimya.

PREFE: Kwa nini basi kuwe na viwili? Kama maneno yanatosha kwa mtu, mashine nayo iyasome hayo hayo.

FUNDI: Ni urithi wa shida, Mama. Mwaka 1979 Ken Thompson aliweka ndani ya Unix, toleo la saba, maktaba iitwayo dbm. Kwenye mashine za wakati ule, PDP-11, programu moja ilipata kumbukumbu isiyofika hata picha moja ya simu yako. Faili la maelfu ya mistari kulisoma kuanzia juu hadi chini kila mara unapotafuta jina moja ilikuwa adhabu. Ndipo wakaamua: mtu aandike maandishi, programu iyageuze kuwa kanzidata, na kila swali lijibiwe kwa kuruka moja kwa moja mpaka penye jibu. Sendmail ya Eric Allman ikafuata njia hiyo kwa majina ya barua pepe: /etc/aliases kwa watu, kanzidata kwa mashine, na amri newaliases katikati. FreeBSD inafanya hivyo hata kwa watumiaji: master.passwd ni maandishi, lakini kinachoulizwa ni pwd.db na spwd.db, zinazotengenezwa na pwd_mkdb.

BINTI: Hiyo ilikuwa PDP-11. Faili la aliases la shule hii lina mistari arobaini. Simu ya bei ya chini kabisa pale soko la Kamina inalisoma kabla hujapepesa jicho. Hata Postfix, programu nyingine ya barua pepe, imekubali: ina aina ya jedwali iitwayo texthash, inayosoma maandishi moja kwa moja, bila kukompaili chochote. Tutumie hiyo, ubishi uishe.

FUNDI: Isome tena hiyo texthash, mwanangu. Inayasoma maandishi wakati programu inapoanza, inayaweka kwenye kumbukumbu, basi. Ukibadilisha faili baadaye haina habari mpaka uiambie Postfix ijipange upya. Umefuta kanzidata ya kwenye diski, ukaihamishia kwenye kumbukumbu, mahali ambapo hata amri ya ls haiwezi kukuonyesha tarehe yake.

Kimya kidogo. Nadhani hapa ndipo mjadala unapoanza kwelikweli, na ndipo mafundi wengi wanapouacha. Tunazungumza kana kwamba kuna vitu viwili, maandishi na kanzidata. Viko vitatu. Cha tatu ni kile ambacho programu inayoendelea kukimbia ilikimeza asubuhi na inaendelea kukifuata hadi jioni. Fundi alipokuja kurekebisha saa ya ofisi alifanya kama ipasavyo: aliendesha dpkg-reconfigure tzdata, akachagua Lubumbashi kwenye orodha, na mara hii maandishi na kiungo vikabadilika pamoja. Saa ya kioo ikakaa sawa. Kesho yake nakala ya alama haikufanyika. Cron, mtumishi anayeamsha kazi kwa saa, alikuwa amemeza saa ya Kinshasa alipoanza, na hakuna aliyemwanzisha upya. Usiku ule mmoja mashine ilikuwa imeachwa kwenye betri ya jua, haikuzimwa. Saa mbili zikawa zimepungua kwa macho, lakini kwa vitendo bado zilikuwa mbili.

PREFE: Kwa hiyo hata wewe, Papa Fundi, mwenye kujua yote haya, ulitoka hapa ukidhani umemaliza.

FUNDI: Ndiyo, Mama.

BINTI: Ndiyo maana nasema kazi hii si ya mtu. Mtu husahau. Mashine iangalie yenyewe: faili likibadilika, ikompaili, na wote wanaolitumia waambiwe. Debian tayari inafanya kwa vifurushi vyake. Ukisakinisha maktaba mpya, ldconfig inaendeshwa bila kuombwa. Ukisakinisha programu yenye mipangilio ya GNOME, schema zinakompailiwa zenyewe. Tatizo linabaki kwa mafaili tunayoyagusa kwa mikono. Pale Lubumbashi tulikuwa na chumba cha kompyuta ambamo mipangilio ya vioo vyote iliwekwa kwenye /etc/dconf/db. Mwalimu anaandika, anahifadhi, anakwenda zake, na hakuna kinachobadilika kwa sababu hakuendesha dconf update. Jambo hili limewachosha watu hata wakaguzi wa usalama wa mifumo ya Red Hat wana kanuni maalumu ya kuhakiki kwamba kanzidata za dconf si kuukuu kuliko mafaili yake. Fikiri: mkaguzi anakuja kutazama kama kuna mtu aliyesahau amri moja.

FUNDI: Sendmail ilijaribu hayo unayoyataka. Ilikuwa na mpangilio, AutoRebuildAliases. Sendmail ikiona maandishi ni mapya kuliko kanzidata, inaijenga upya yenyewe. Unajua uliishia wapi? Waliutangaza kuwa wa kuachwa. Mtu mwenye nia mbaya angeweza kuikatiza sendmail katikati ya ujenzi, na majina yote ya barua pepe yangebaki nusu nusu, hayatumiki. Hapo hesabu na kukatika kwa umeme. Hapa kwetu mkatizaji haji na nia mbaya, anakuja na mafuta kuisha kwenye gurupe.

BINTI: Hilo lina dawa. Daniel Bernstein alilitatua kwenye cdb: unajenga faili jipya pembeni, likikamilika ndipo unalibadilisha jina likalie mahali pa la zamani. Kubadilisha jina ni jambo moja, hufanyika au halifanyiki. Waandishi wa Postfix wanafundisha hivyo hivyo kwa kanzidata za Berkeley.

FUNDI: Sawa, umejibu la umeme. Hujajibu la akili. Mimi nikihariri aliases, mara nyingi naacha katikati. Nimefuta jina la mwalimu aliyehamia Malemba-Nkulu, sijaandika la aliyekuja badala yake, na mzazi ananiita nje. Maandishi yamebaki na shimo. Kanzidata ya jana inaendelea kupeleka barua za watu. Kwako wewe hiyo ni kasoro, eti havilingani. Kwangu mimi kutolingana huko ni ulinzi. Hatua ya pili ndiyo mahali ninaposema: sasa nimemaliza, sasa lianze kufuatwa. Ukinipa mashine inayokompaili kila ninapohifadhi, umeninyang'anya mahali pa kusemea hivyo.

Nampa Fundi alama zake zote hapa. Wanaopenda mambo yajiendeshe yenyewe mara nyingi huchanganya kazi mbili: kugeuza maandishi kuwa namba, ambayo ni kazi ya mashine tu, na kuamua kwamba maandishi haya ndiyo yanaanza kufuatwa, ambayo ni kazi ya mtu anayejibika. Kwa bahati mbaya, kwenye Unix kazi hizo mbili ziliwekwa ndani ya amri moja, na kila upande wa ubishi unaona nusu yake tu.

PREFE: Mnaniambia mashine inajua lipi ni jipya na lipi ni la zamani. Inajuaje?

FUNDI: Kwa tarehe. Kila faili lina tarehe ya kubadilishwa. Maandishi yakiwa na tarehe ya baadaye kuliko kanzidata, kanzidata imepitwa. Stuart Feldman aliandika programu iitwayo make pale Bell Labs mwaka 1976 juu ya wazo hilo hilo, na nusu ya dunia ya kompyuta inajengwa nayo mpaka leo. Postfix nayo ikiona aliases.db ni ya zamani kuliko aliases inaandika onyo kwenye faili lake la matukio.

BINTI: Na hapa Sanga tarehe inatoka wapi, Papa? Tuseme ukweli. Ile mashine ya maktaba kibetri chake cha mviringo kimekufa. Kila ikizimwa inaamka ikiamini ni mwaka ilipotengenezwa. Hizi Raspberry Pi za chumba cha kompyuta zilikuja bila betri ya saa kabisa. Zinaamka na saa ya mwisho iliyohifadhiwa kabla ya kuzimwa, kisha zinasubiri intaneti izisahihishe, na intaneti yenyewe tunaijua. Sasa chukua kanzidata iliyojengwa mwaka jana, siku intaneti ilikuwepo, kwa hiyo ina tarehe ya kweli. Leo nahariri maandishi kwenye mashine inayodhani ni 2012. Maandishi yangu mapya yana tarehe ya miaka mingi kabla ya kanzidata. Postfix haitoi onyo, make inasema hakuna cha kufanya. Mashine imehakikishiwa kwamba kila kitu kinalingana, na hakuna kinacholingana.

FUNDI: Hilo limenitokea. Kwenye mashine ile ile ya maktaba.

BINTI: Kipimo cha Feldman ni kizuri penye saa ya kweli. Sisi tupime yaliyomo. Mashine ikokotoe alama ya maandishi, kwa sha256sum au nyingine yoyote, iifunge pamoja na kanzidata siku inapojengwa. Kesho ukitaka kujua kama vinalingana, unakokotoa tena na kulinganisha. Betri imekufa, haijafa, hesabu ni ile ile.

Ningependa kuishia hapo, maana hoja hii ina ladha ya ushindi. Lakini shule ya Sanga iko mwisho wa mto mrefu, na maandishi inayoyafuata hayakuandikwa Sanga. Sheria za saa zinatunzwa na watu wachache wa kujitolea. Arthur David Olson aliuanzisha mkusanyiko huo miaka ya 1980, Paul Eggert anautunza, na tangu 2011 umekuwa chini ya mwavuli wa IANA. Ukiufungua leo utakuta jambo la kuchekesha: Africa/Lubumbashi haina sheria zake. Ni kiungo kinachoelekeza Africa/Maputo, kama Africa/Kinshasa inavyoelekeza Africa/Lagos, kwa kuwa tangu 1970 saa za miji ya kila jozi hiyo hazijatofautiana.

PREFE: Kengele yangu naipiga kwa saa ya Msumbiji?

BINTI: Kwa namba za Msumbiji, Mama. Saa ni yetu.

PREFE: Na siku Msumbiji wakibadilisha?

BINTI: Watunzaji watatutenganisha nao, kwenye maandishi. Kisha tutangoja. Uliza Juba. Sudan Kusini waliamua kurudisha saa nyuma, kutoka saa tatu mbele ya Greenwich hadi mbili, kuanzia tarehe 1 Februari 2021 usiku wa manane. Toleo jipya la maandishi, 2021a, lilitoka tarehe 24 Januari. Siku nane. Ndani ya siku hizo nane maandishi yalipaswa kuchukuliwa na Debian, na Red Hat, na watengenezaji wa simu, yakompailiwe, yasafirishwe, yasakinishwe, na kila programu ianzishwe upya. Na hata ukifanikiwa, Java ina kanzidata yake, PHP ina yake, MySQL ina majedwali yake ya kanda za saa yanayopakiwa kwa amri ya peke yake, mysql_tzinfo_to_sql, ambayo watu huikumbuka wakishaumia. Seva moja ya Juba ingeweza asubuhi ile kuwa sahihi kwenye kioo na kukosea kwa saa nzima ndani ya hesabu za mishahara.

FUNDI: Na siku nane ni anasa. Morocco mwaka 2018 walitangaza zikiwa zimebaki siku mbili.

PREFE: Sasa nisikilizeni. Nyinyi wawili mnabishana kama kanzidata ijengwe kwa mkono au ijijenge. Mimi swali langu ni jingine. Wazee wa Kiluba walikuwa na lukasa. Ubao unaokaa kwenye kiganja cha kushoto, umejaa shanga na makombe, na mtu wa Mbudye, mmoja wa bana balute, anapitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake akieleza wafalme, koo, safari na mipaka. Mimi na nyinyi tukiushika tunaona shanga. Kwa hiyo sishangai kwamba mashine ina faili nisiloweza kulisoma. Lakini yule mzee ungeweza kumuuliza: haya uliyapokea kwa nani? Angekujibu kwa jina. Nikiiuliza kompyuta hii saa unayoifuata umeipokea kwa nani, inajibu nini?

FUNDI: Inajibu saa, Mama. Basi.

BINTI: Maandishi yana jina la toleo, mstari wa kwanza kabisa wa tzdata.zi. Faili lililokompailiwa halina. Muundo wake, TZif, uliwekwa rasmi mwaka 2019 katika hati ya viwango vya intaneti, RFC 8536, na pale mwanzoni una namba ya toleo, lakini ni toleo la muundo, si la sheria. Kanzidata ya Juba ya kabla ya 2021 na ya baada yake, ukitazama namba hiyo tu, zinafanana.

FUNDI: Dpkg itakwambia kifurushi kilichosakinishwa.

PREFE: Kifurushi nakijua. Kifurushi kilikuwepo siku cron ilipokuwa Kinshasa. Naiuliza ile inayoamsha kazi ya saa nane, siulizi boksi lililoileta.

Fundi hakuwa na jibu, na mimi pia sina, kwa sababu mifumo mingi haikujengwa iulizwe hivyo. Katika mjadala huu niko upande wa Prefe, ingawa ndiye aliyesema machache kuhusu mashine. Swali la jinsi ya kulinganisha maandishi na kanzidata limekuwa likijibiwa na watu waliokaa karibu na chanzo: wanaoona faili, wanaoona tarehe, wanaoweza kuendesha amri tena wakisahau. Walio mbali hawahitaji mbinu nyingine ya kukumbuka. Wanahitaji kila nakala, iliyo kwenye diski na iliyomezwa, iweze kutaja maandishi iliyotokana nayo. Bila hilo, kujenga kwa mkono na kujijenga kunatofautiana katika nani wa kulaumiwa tu.

Jambo la pili, na hili nalisema haraka: kanzidata hufa kabla ya maandishi. Berkeley DB ilikuwa chini ya karibu kila kitu, hadi Oracle walipobadilisha leseni yake mwaka 2013, watu wakaanza kuihama, na Red Hat Enterprise Linux 10 ikaiondoa. Waliokuwa na aliases kwa maandishi walijenga upya kwa LMDB wakaendelea. Aliyebaki na .db peke yake alikuwa na tatizo la aina nyingine.

PREFE: Kwa hiyo tunafanya nini? Mtihani wa taifa haungoji RFC.

BINTI: Niandike skripti ndogo. Kwa kila faili tunalolikompaili hapa, aliases, saa, dconf, inajenga pembeni, inabadilisha jina mwishoni, na inaweka kando faili la maandishi lenye mambo matatu: alama ya chanzo, nani aliyejenga, na jina la toleo kama lipo. Kisha inaanzisha upya wanaolitumia, cron kwanza. Na amri ya pili ambayo Mama Prefe anaweza kuiendesha mwenyewe: inamtajia kila kitu kinafuata maandishi gani, na ni tangu lini kilianzishwa.

FUNDI: Tangu lini, kwa tarehe ya mashine isiyo na betri?

BINTI: Basi kwa namba. Kila ujenzi namba yake, moja, mbili, tatu. Namba haihitaji betri.

FUNDI: Na haijengi mpaka mtu aamuru?

BINTI: Mpaka aamuru. Lakini ikikuta maandishi yamebadilika na hakuna aliyeamuru, inapiga kelele kwenye kioo kila asubuhi.

FUNDI: Ipige. Umeme ukikatika katikati?

BINTI: La zamani linabaki mahali pake. Nimeshasema.

FUNDI: Ulisema kuhusu faili moja. Maandishi ya kando ni faili la pili. La kwanza likishabadilishwa jina, umeme ukaenda kabla ya la pili, utakuwa na kanzidata mpya yenye cheti cha zamani.

BINTI: Basi vyote viwili vikae katika saraka moja, na kinachobadilishwa ni kiungo cha saraka.

FUNDI: Hapo sawa. Iandike. Nitaisoma mstari kwa mstari kabla hujaigusisha ile kompyuta ya alama, na kibetri cha mashine ya maktaba, Mama Prefe, bado tunakihitaji.